Vikombe vitatu vya dada: kisa cha keki moja na mizani iliyosingiziwa

Mpwa wangu alinitumia picha saa nne usiku. Bakuli kubwa, ndani yake kitu kilichotakiwa kuwa rojo ya keki, na katikati mwiko umesimama wima bila kushikwa na mtu. Chini ya picha ameandika: "Mama mdogo, hii mizani niliyonunua ni mbovu."

Mizani ilikuwa nzima. Baadaye niliijaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, ikasoma gramu 1,006, na hizo sita ni za karatasi. Lakini ilituchukua keki tatu kujua shida iko wapi, na jibu halikuwa pale nilipolitegemea hata mimi niliyezoea kuoka kwa gramu.

Resipi yenyewe ni ya mama yake, dada yangu mkubwa. Kwa miaka yote ilikaa kichwani mwake, hadi binti alipoiandika kwenye simu: siagi kikombe kimoja, sukari vikombe viwili, unga vikombe vitatu, mayai manne, maziwa kikombe kimoja, beking pauda vijiko vya chai vitatu, chumvi nusu kijiko, vanila. Waokaji wataitambua mara moja. Ni ile keki ya moja-mbili-tatu-nne, na jina lake linaeleza kwa nini vipimo vya vikombe havifi: ukishaisikia mara moja huisahau. Hakuna mtu atakayekariri "siagi 227, sukari 400, unga 360".

Kilichomfanya binti atafute gramu ni shughuli ya watu wengi. Alitakiwa kuoka mara mbili na nusu ya keki hiyo, na mara mbili na nusu ya vikombe vitatu ni vikombe saba na nusu vya unga. Aliyewahi kuhesabu vikombe saba na nusu anajua kinachotokea: ukifika cha tano mtu anakusemesha, na ukirudi hujui kama ni cha tano au cha sita. Uamuzi wa kununua mizani ulikuwa sahihi kabisa. Mkosi ulianzia kwenye kitufe.

Mizani nyingi za jikoni zina kitufe cha kubadilisha kipimo, na mojawapo ya vipimo hivyo ni "ml". Binti alisoma mahali kwamba kikombe ni mililita 250. Akazidisha kwa tatu, akapata 750, akabonyeza kitufe hadi "ml" ikatokea, akamimina unga hadi namba ikafika 750. Kwa fikra zake amepima ujazo. Ila mizani haina macho ya kuona ujazo. Inahisi uzito tu, halafu ukichagua "ml" inakuandikia mililita kwa kudhani kwamba ulichoweka juu yake ni maji, kwa sababu mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Baadhi zina alama ya pili ya maziwa, nayo inadhani ni maziwa. Sijawahi kuona yenye alama ya unga, na hata ikiwepo isingeaminika, kwa sababu nitakazozieleza. Kwa hiyo zile "mililita 750" zilikuwa gramu 750 za unga. Sukari akaweka 500, siagi 250, maziwa 250, yote kwa kitufe kilekile. Siagi na maziwa havikwenda mbali na ukweli, maana uzito wake haupishani sana na wa maji. Unga ndio ulioingia karibu mara moja na nusu ya unaostahili. Hapo mwiko ungesimama tu.

Nilimwandikia usiku uleule: maji pekee ndiyo gramu zake zinalingana na mililita. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa mafuta ya kupikia kina gramu 230 hivi, kikijazwa asali kinakaribia 350, sukari nyeupe 210, unga wa ngano popote kati ya 125 na 160. Yeye akashika neno moja tu. "Popote kwa vipi? Si kikombe ni kilekile?"

Swali zuri, na sikulijibu vizuri. Nilimwambia atafute jedwali la waokaji.

Akalipata. Akapata mengi, kwa kweli, na kila moja lina namba yake ya unga: 120, 125, 130, 140, hata 150 kwa kikombe kimoja. Alitaka kuchukua wastani. Nikamzuia, na bado nasema hivyo: wastani wa majedwali ni wastani wa mikono ya watu usiowajua. Akachagua lile lililomvutia, lenye unga 120, sukari 200, siagi 227, maziwa 240. Akapima kwa gramu safari hii, akaoka.

Keki ya pili ilitoka vizuri, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Ilikuwa laini, imeumuka sawasawa, tamu kuliko kawaida, na ukiikata inanata kidogo kwenye kisu. Mtu asiyeijua keki ya dada angeisifu. Lakini dada alionja kipande, akatafuna polepole, akasema, "Nzuri. Ya nani?"

Binti aliumia. Kwangu lile swali lilikuwa ufunguo, maana jedwali lilikuwa limefanya kazi yake barabara: limetoa keki ya aliyeandika jedwali. Keki ya dada huwa imara zaidi, inakatika bila kumong'onyoka, inabeba tabaka mbili juu yake bila kulalamika, na ndiyo maana ilitakiwa kwenye shughuli. Keki zote mbili zilikuwa na "unga vikombe vitatu". Basi neno "kikombe" lilikuwa limebeba vitu viwili tofauti, na hakuna jedwali ambalo lingetuambia dada anabeba kipi. Nikachukua mizani, nikaenda kwake.

Kwanza kikombe chenyewe. Ni kikombe cha chai cha bati lililopakwa rangi, kimebanduka ukingoni, hakina mstari wowote. Nikakiweka kitupu kwenye mizani, nikarudisha sifuri, nikakijaza maji hadi ukingo. Gramu 264. Kwa hiyo kinachukua mililita 264. Kwa kupima chombo hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, na hapo maji yanatusaidia kwa haki yao, bila kudhaniwa.

Kwa nini niliangalia? Kwa sababu kikombe si kimoja duniani. Cha Marekani ni mililita 237 hivi, na kwenye lebo za vyakula za huko wanahesabu 240. Cha Australia ni 250. Cha Japani ni 200, na kile kidogo kinachokuja na jiko la umeme la kupikia wali ni 180. Nusu painti ya Uingereza, ambayo resipi za zamani za huko huiita kikombe, ni 284. Kijiko kikubwa nacho ni mililita 15 karibu kila mahali, lakini Australia ni 20, yaani theluthi zaidi. Kikombe cha dada hakimo popote kwenye orodha hiyo.

Halafu mkono. Nilimwomba apime unga kama anavyopima siku zote, nami nikae pembeni. Anazamisha kikombe ndani ya ndoo, anakitoa kikiwa na kilima juu, anakigonga mara mbili kwenye ukingo wa ndoo, unga unashuka, anaongeza kidogo kwa vidole, kisha anafuta kwa ubapa wa kisu. Ukimwuliza atakwambia amepima kikombe bapa, na hatakuwa amesema uongo. Ni bapa kweli. Mambo yote yametokea kabla ya kisu.

Gramu 157.

"Pima tena, dada."

"Nimeshapima."

"Pima kama hujapima."

163. Mara ya tatu 159. Alishaanza kuchoka na mimi. "Hivi mdogo wangu, unapima unga au unanipima mimi?"

"Wewe," nikamwambia, na ulikuwa ukweli mtupu.

Vikombe vitatu vilitoa gramu 479. Lile jedwali lilimpa binti 360. Tofauti ni gramu 119, yaani kikombe kizima cha jedwali. Keki moja ina kikombe cha nne cha unga ambacho hakijaandikwa popote.

Hapa ndipo jibu la swali la "popote kwa vipi" lilipo. Unga si kitu kigumu. Ni vumbi lenye hewa nyingi katikati ya chembe zake, na unapopima kwa kikombe unapima unga pamoja na hewa hiyo. Uchekeche kwanza, kikombe cha Marekani kinaweza kubeba gramu 110 hivi au hata chini yake. Uuteke kwa kijiko taratibu na kuudondosha kikombeni, 120 hadi 125. Uzamishe kikombe ndani ya ndoo, 140 hadi 150. Ukigonga kama dada, unaongezeka tena. Unga uliokaa wiki mbili chini ya ndoo umejishindilia wenyewe kabla hata hujaugusa. Ndiyo sababu kitufe cha unga kwenye mizani kisingeaminika. Sukari nyeupe chembe zake ni nzito na zinateleza, zinajipanga namna ileile hata ukigonga, na ukiangalia majedwali utaona yanakubaliana kwenye sukari, kati ya 198 na 200 kwa kikombe, huku yakigombana kwenye unga. Vitu vingine vigomvi ni kakao, sukari ya unga, na sukari ya kahawia, ambayo resipi nyingi husema ishindiliwe na kwa hiyo hupita 210.

Kuna mtego mwingine ambao haukumpata binti, ila huwapata wengi. "Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa" na "kikombe kimoja cha unga, kisha chekecha" ni vipimo viwili. Katika cha kwanza unachekecha ndipo unapima. Katika cha pili unapima ndipo unachekecha. Ukibadilisha kuwa gramu bila kuangalia mpangilio huo unaweza kukosea gramu 20 au 30 kwa kila kikombe.

Kisu cha kufutia kina historia yake. Mwaka 1896 Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, aliwasisitizia wapishi wa Marekani kwamba kikombe na kijiko vipimwe bapa, badala ya kujaza kwa kukisia. Alitibu nusu ya ugonjwa. Kilima cha juu kiliondoka. Hewa ya ndani ikabaki.

Nikaendelea na vingine. Sukari vikombe viwili: gramu 446, bila mshangao. Siagi anaishindilia kikombeni kwa kijiko, na mifuko midogo ya hewa inabaki chini, 236. Mayai manne bila maganda 187, kwa sababu anapenda madogo. Resipi nyingi za Marekani huhesabu yai kubwa kuwa gramu 50, kwa hiyo hapo tu kuna upungufu wa gramu 13. Vijiko vitatu vya beking pauda, kila kimoja na kilima chake, vilitoa gramu 20. Vijiko bapa vya mililita tano vingetoa 14 hivi. Nusu kijiko cha chumvi laini kilitoa gramu 4.

Maziwa ndiyo yaliyonichekesha. Ni kikombe kilekile, lakini dada hakijazi, maana kikijaa kitamwagika kabla hakijafika kwenye bakuli. Anaacha upana wa kidole. Gramu 231, ambazo kwa maziwa ni mililita 224. Kwa hiyo jikoni kwake kuna kikombe cha unga cha mililita 264 na kikombe cha maziwa cha mililita 224, na vyote viwili ni kikombe kimoja cha bati. Hata ningekijua kikombe chake kwa usahihi wote, nikazidisha kwa msongamano wa maziwa, yaani uzito wa kila mililita yake, ningekosea gramu 40. Hesabu isingeniambia habari ya kidole.

Ukiweka keki mbili kando kwa kando, mambo yanajieleza. Kwa kila gramu 100 za unga, ya binti ilikuwa na sukari 111, siagi 63, maziwa 67. Ya dada ina sukari 93, siagi 49, maziwa 48. Sukari na mafuta hulainisha keki: sukari inakamata maji na kuchelewesha wanga kushikana, mafuta yanazuia gluteni, zile nyuzi za protini ya unga, isijisuke. Ukiongeza maji juu ya hapo, unapata kilekile tulichokionja, keki laini inayonata kisuni. Hakuna aliyekosea. Ni resipi mbili zenye maneno yaleyale.

Nina msimamo wangu kuhusu jambo hili na wenzangu wengine hawaupendi. Kama resipi imetoka kitabuni, ukurasa wa mwanzo mara nyingi unasema kikombe ni mililita ngapi na unga unatekwa vipi. Fuata huo, achana na majedwali. Kama mwandishi ametoa gramu pembeni ya vikombe, fuata gramu, usiangalie vikombe tena. Lakini kama resipi imetoka mkononi mwa mtu, usibadilishe maneno yake. Pima mkono wake, mara tatu, akiwa hai na akiwa na subira. Majedwali yabaki kwa resipi ambazo mwenyewe huwezi kumpata, na hata hapo anza na namba ya chini ya unga. Rojo ikiwa nyepesi unaongeza kijiko. Unga ukishaingia hautoki.

Keki ya tatu tuliioka kwa namba nilizozizungusha kidogo: unga 480, sukari 445, siagi 235, mayai 190, maziwa 230, beking pauda 20, chumvi 4. Dada alionja, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akasema katikati imebana kuliko ya kwake. Kweli ilibana. Binti alikuwa ametoa siagi kwenye friji muda huohuo na kuipiga na sukari ikiwa bado ngumu, haikushika hewa. Gramu 235 za siagi baridi na gramu 235 za siagi iliyolainika ni sawa kwa mizani tu. Kosa hilo lilirekebishwa kwa kuacha siagi nje, na keki ya nne sikuihesabu kwa sababu haikuwa na habari yoyote.

Kuhusu vitu vidogo, nilimshauri abaki na kijiko anapooka keki moja. Mizani yake inapanda kwa gramu moja moja, kwa hiyo inaposoma chumvi gramu 4 inaweza kuwa 3 na nusu au 4 na nusu. Tena mizani za namna hii zina tabia ya kujirudisha sifuri zenyewe: ukidondosha chumvi punje kwa punje, inaona kama mtikisiko na kuupuuza, namba haisogei, na unaendelea kudondosha. Weka chumvi kwenye kikaratasi kwanza, halafu weka kikaratasi chote kwa mara moja. Na kama chumvi ni ya mabonge au ya vipande bapa, kijiko kinadanganya zaidi: kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6 hivi, cha vipande vyepesi kinaweza kuwa nusu ya hapo.

Siku ya shughuli ilipokaribia, kuzidisha kulikuwa kazi ya dakika mbili. Unga 1,200, sukari 1,112, siagi 587, mayai kumi, maziwa 575, beking pauda 50, chumvi 10. Chumvi na beking pauda zikawa nyingi kiasi cha kupimika bila wasiwasi.

Saa nne usiku, simu tena. "Mama mdogo, sasa hivi imekufa kweli." Kwenye kioo cha mizani kulikuwa na herufi tatu, Err, na maziwa yakiwa nusu njiani. Nikamwuliza bakuli lake lina uzito gani. Ni la kioo, kilo 1.3. Mizani inabeba kilo tano. Alikuwa anamimina kila kitu ndani ya bakuli moja na kurudisha sifuri kila mara, akidhani sifuri inaipunguzia mizani mzigo, kumbe inafuta namba tu, na uzito wote bado umekaa pale pale. Rojo nzima ilikuwa ifike kilo nne. Ukijumlisha bakuli, imepita.

Alishuka na bakuli, akaweka jagi dogo kwenye mizani, akapima maziwa yaliyobaki baada ya kukadiria yaliyokwishaingia kwa kukumbuka namba ya mwisho aliyoiona. Kisha akapanga trei tatu za duara, akaweka moja moja kwenye mizani, akarudisha sifuri, akamimina. Gramu 1,320 kila trei. Hamsini zilizobaki zilikuwa zimeganda kwenye kuta za bakuli na kwenye mwiko.